Miti Mitatu ya Rembrandt: ni misalaba au ni miti tu?

Kila ukitajwa ule mchoro wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, wa 1643, Miti Mitatu, wa kuchapwa kwa bamba la shaba, hakosekani mtu wa kusema ile miti ni misalaba ya Golgotha, pale aliposulubiwa Yesu na wengine wawili, na ukibisha unaonekana huna jicho. Mi leo nawatetea wale wa "ni miti tu", maana watu wanadhani hao hawaoni kitu wakati wao ndo wanaoiangalia picha yote.

Wa misalaba wana hoja zao, tusiwabeze. Miti ni mitatu, imesimama peke yake kwenye mwinuko, anga limechafuka, kushoto kuna mvua ya mistari ya mshazari iliyonyooka kama imepigwa rula. Mke wa Rembrandt, Saskia, alifariki Juni 1642, kwahiyo wanaiona huzuni yake humo. Na Waholanzi wa enzi hizo walizoea vitabu vya picha zenye mafumbo, kwahiyo kutafuta fumbo sio wazimu.

Ila hebu shuka chini kulia, kwenye kichaka kile cheusi. Mle kuna wapenzi wawili, wengi wanapita bila kuwaona, na hilo sio bahati mbaya, yani mtu kakwangua nta iliyopakwa juu ya shaba mstari juu ya mstari, tindikali ikala, akaongezea na sindano kavu (kukwaruza shaba yenyewe bila tindikali), mpaka giza likawafunika. Sasa kama pale juu ni Golgotha, hawa wanafanya nini hapa? Utaniambia ni dhambi ya binadamu chini ya msalaba, haya sawa, na yule mvuvi kushoto na mwanamke aliyekaa naye? Na lile gari la farasi lenye abiria kule kilimani? Na mchoraji aliyekaa juu kulia, anachora huku kaipa miti kisogo? Misalaba mitatu iko nyuma yake afu yeye anaangalia kwingine! Kila mmoja atatafutiwa fumbo lake, hapo tena sio kuisoma picha, ni kuijazia fomu.

(Hiyo ya huzuni ya kufiwa na Saskia ndo inanichosha zaidi, kana kwamba mjane hawezi kuchora mti.)

Afu 1653 huyohuyo Rembrandt alichora Golgotha yenyewe, misalaba mitatu, umati wa watu, nuru inashuka toka juu, wala hakuficha kitu. Inawezekana idadi ya miti aliiona inafanana na nini akaiacha hivyohivyo, hilo silikatai. Lakini wakinionyesha wale wapenzi wanaingiaje Golgotha bila kulazimisha, nahamia upande wao.