Barua ya Marehemu

Barua ilibandikwa mlangoni, imeandikwa jina la babu yangu, ikimpa siku thelathini aikarabati nyumba yake la sivyo hatua zitachukuliwa. Babu alifariki mwaka 1987. Mjomba akaipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la ukoo. Jamaa wa Maskati wakacheka, mmoja wa Toronto akaandika Mungu amrehemu, kisha mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu.

Kwa hiyo nianze kwa kukiri. Mimi pia ni mwenye gofu ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Babu aliacha watoto wa kiume watatu na wa kike wawili, bibi akiwa keshatangulia. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike moja; mafungu yakawa manane, mama yangu akapata moja. Mama naye akatuacha wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Fungu langu, mimi mmoja wa hao wanawake, ni moja ya arubaini na nane ya nyumba ya ghorofa tatu. Nimewahi kulipiga hesabu, na nadhani linatosha ngazi mbili na kipande cha dirisha.

Nayasema haya kwa sababu kila jengo likianguka Mji Mkongwe, watu hutaka kumjua mwenye nyumba, kana kwamba yupo bwana mmoja kakaa pahala, kapandisha mguu juu ya mguu, anaitazama mali yake ikioza. Wapo wa namna hiyo, nitawafikia. Lakini magofu mengi ninayoyajua mimi yana wenyewe kumi, ishirini, na wengine hawajui kama wamo. Sheria inamwandikia mtu mmoja. Nyumba ni ya msafara mzima.

Na historia ya mji imeongeza mafundo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizichukua nyumba nyingi, ikaweka wapangaji kwa kodi ndogo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, ikaziuza baadhi yake. Kuna za wakfu, ambazo aliyeziweka alitaka kodi yake ihudumie msikiti au jamaa zake, na kodi hiyo leo hainunui hata gunia la chokaa kwa mwezi. Kuna za mirathi kama yetu. Ukisimama kichochoro kimoja unaweza kuzikuta zote zimeegemeana, halisi kabisa, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ya kwanza ikivuja, ya pili inalowa.

Ujenzi wenyewe haumsubiri mtu. Kuta ni mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Maji yakiingia juu, kichwa cha boriti kinachokaa ndani ya ukuta huoza kimya kimya. Kwa nje unaona ufa mdogo na mmea umeota karibu na dirisha, watalii wanaupiga picha. Ndani dari imebaki kuning'inia kwa mazoea. Halafu anakuja fundi wa bei nafuu anapaka saruji ili pawe pazuri, unyevu unafungiwa ndani ya ukuta, na nyumba inakwenda haraka zaidi kuliko ambavyo ingekwenda ikiachwa.

Sasa tuwaseme walio ofisini. Tunayo Manispaa, tunayo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, tunao masheha, viongozi wa serikali mitaani, na tangu mwaka 2000 tumo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Macho yapo ya kutosha. Nisichokiona ni mkono unaopanda juu ya paa. Ofisi inakuja, inapima, inabandika, inaondoka. Mara moja moja inaweka magongo ya kuegemezea ukuta, na magongo yanakaa mpaka watoto wanayageuza magoli ya mpira.

Ugumu wao naujua. Utamtoza nani faini, marehemu? Ndiyo maana nasema waache kumtafuta mtu, waishike nyumba. Ofisi ipande, iezeke, izibe, iandike gharama kwenye hati ya nyumba kama deni. Isiuzwe, isigawiwe, isikodishwe hoteli mpaka deni hilo lilipwe kwanza. Warithi wa Maskati na Toronto, na mimi wa ngazi mbili, tutakutana siku hiyo hiyo. Hakuna kitu kinachowakusanya ndugu kama deni lililokaa juu ya mali.

Wengine watasema serikali za mitaa hazina pesa za kutanguliza. Bati na boriti chache ni rahisi kuliko kuchimbua watu kwenye kifusi. Na faini peke yake nchi nyingine wameijaribu. Ireland wana sheria ya majengo yaliyotelekezwa tangu 1990, na tozo yake sasa ni asilimia 7 ya thamani ya soko kwa mwaka, si mchezo. Hata hivyo mabaraza mengi kule yamekuwa yakilaumiwa kwa kuandika tozo kwenye vitabu bila kuikusanya. Kama wenye rejista na posta ya kuaminika wanashindwa, sisi tunaobandika barua ya marehemu mlangoni tutafika wapi?

Wale waliopandisha mguu sasa. Wapo wanaoiacha nyumba ianguke kwa makusudi, maana kiwanja kitupu karibu na pwani kina wanunuzi kuliko nyumba yenye masharti ya hifadhi. Dawa yao ni nyepesi: iliyoanguka irudi kama ilivyokuwa, kimo kile kile, kuta pale pale, chokaa ile ile. Asiruhusiwe hata ghorofa moja ya ziada. Ukiiondoa faida ya kifusi, hamu ya kifusi itakwisha.

Ila serikali isimame mstari wa mbele kwenye foleni hii. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo ni mali ya serikali, halikuwa la mjukuu aliyepotea Toronto. Mwenyewe anajulikana na ofisi zake zinajulikana. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake za juu ilianguka, onyo ambalo hata kiziwi angelisikia. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea kwa fedha za Oman, upande mkubwa wa jengo ukaporomoka na wafanyakazi wawili wakafa. Baada ya hapo, ofisi ikija kunibandikia mimi siku thelathini, nitaisoma kwa heshima, lakini nitakuwa na swali.

Hata hivyo nimeamua kuipunguzia kazi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa sheha na daftari, tukaanza kuandika warithi wote wa babu, mmoja mmoja, walio hai. Mpaka jioni tulikuwa na majina kumi na tisa. Akaniuliza, "Mwanangu, namba zao za simu unazo?" Ninazo za kumi na moja.