Koki ya Oili na Mji Mzima Juu Yake

Naomba kuuliza kwa heshima zote. Mtu akifungua koki ya kumwagia oili ya gari kwa vidole viwili, kitendo ambacho mwanangu wa darasa la pili anakiweza huku anakula embe, anastahili kulipwa elfu kumi na tano ya ufundi? Maana leo nimetajiwa hiyo hela gereji, pale Ngamiani hapa Tanga, kweupe, na mtu ambaye hata spana hakushika. Nikamwuliza, fundi wangu, hii ni ya nini? Akanijibu bila kupepesa macho: "Ya uangalizi, mgosi. Ingetokea lolote, mimi si ndiye nilikuwepo?"

Ngoja nitulie kwanza.

Gari yangu ni Probox. Mnaijua, sina haja ya kueleza. Na mnajua kwamba kila Probox ya mji huu imeshapita mikononi mwa fundi mwenye spana namba 14 na kipande cha bomba cha kurefushia mkono. Akifunga bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, anaifunga kama mlango wa jela. Anakaza, anavuta pumzi, anakaza tena, halafu anaipiga spana teke moja la kumalizia. Bolti yenyewe unene wake milimita 12! Unamwaga oili leo, unamwaga kesho, siku moja meno yanakufa, na fundi yuleyule anakutazama kwa huruma nyingi: "Mzee, sampu hii wameiua." Wameiua akina nani? Wewe na nani?

Ndiyo maana nikaagiza koki. Ya Kijapani, ndogo, ya shaba. Unaifunga pale pale penye bolti, na ikishakaa haitoki tena. Ndani ina gololi yenye tundu. Nje ina kishikio chenye springi: unakinyanyua kwanza kitoke kwenye kijino chake, ndipo unakizungusha, oili inashuka. Ukikirudisha, imefunga. Hakuna bomba, hakuna teke. Hata meno nilihakikisha, 12 kwa 1.25, yaani unene na nafasi ya jino kwa jino kwa milimita, maana ukiletewa ya Honda, 14 kwa 1.5, utaiweka kabatini na vikombe vya wageni. Kilichobaki kilikuwa kuifunga tu.

Tu!

Siku ya kuifunga, fundi aliipokea, akaigeuza, akainusa. Naapa aliinusa. Akasema, "Hii koki." Nikasema ndiyo. Akasema, "Koki ni kazi ya fundi bomba." Nikacheka, nikijua ni utani. Jamaa akageukia barabarani akapiga ukelele mmoja, na kutoka ng'ambo akaja fundi bomba wa kweli, pipirenchi begani, tepu nyeupe mfukoni.

"Nyumba iko wapi?" akauliza. Akaonyeshwa Probox. Hakushtuka hata kidogo, akalala chini, akachungulia, akatoka na swali la kitaalamu. "Maji hapa yana presha gani?"

"Si maji, ni oili."

"Haya, oili ina presha gani?"

Hapo fundi wangu akaona ananyang'anywa mteja. Akaja juu: sampu haina presha, oili imetulia tu mle, presha iko kwenye pampu inakopanda juu. Na kwa kweli hapo alisema sawa, ila alisema kwa ukali wa mtu anayelinda mirathi. Fundi bomba akajibu kwamba presha iwepo isiwepo, koki bila tepu itavuja. Fundi wangu akasema tepu ni ya vyooni, hapa inapakwa gamu. Tepu! Gamu! Tepu! Nikaingia katikati, nikawaonyesha washa, ile pete ya kuzibia iliyokuja na koki yake, nikawaambia haitaki tepu wala gamu, washa peke yake inatosha.

Kimya.

"Peke yake?" akauliza fundi bomba.

"Peke yake."

Wakatazamana wale wawili, na hapo ndipo walipopatana: mteja hajui kitu.

Wakati huo watu wameshajaa. Babu mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa akaja na kikombe chake mkononi na kashata shavuni. Akataka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake aweke koki chini ya gari, wezi waje usiku na madumu. Nikamweleza, babu, kuna kibanio chake, kinazuia kishikio kisigeuke chenyewe. "Na wakikitoa kibanio?" Sikuwa na jibu, shikamoo babu. Kijana wa bodaboda akasema hiyo koki inaning'inia chini kuliko bolti, itagonga tuta. Huyo angalau aliongea la maana, na tangu siku hiyo kila tuta nalipanda kwa salamu. Halafu muuza mihogo, ambaye wala hakuulizwa, akasema: "Jamani, mafuta ghafi yanalaziwa bomba la kilomita 1,443, kutoka Hoima Uganda mpaka hapo Chongoleani, nyie mnashindwa na kijikoki kimoja?"

Hakuna aliyemjibu. Mihogo yake yote ilinunuliwa, lakini.

Na mnajua nani aliifunga? Kijana wa kusaidia. Wakubwa wanabishana, yeye akapangusa mdomo wa sampu, akavisha washa, akaingiza koki kwa mkono mpaka ikakataa, akakaza kidogo kwa spana, akanawa mikono akaenda zake kunywa uji. Haikuvuja hata tone. Nikawalipa wote watatu.

Sasa ukadhani yameisha. Trafiki wa njia ya Kange alichungulia akaniuliza kibali cha gesi kiko wapi. Kijana wa kuosha magari alikiona kishikio, akakigusa, nikaruka kutoka kwenye benchi. Jirani yangu bibi mmoja kaniwekea oda ya oili chafu apake nguzo za banda lake mchwa wasile, na fundi naye anadai oili chafu ni ya gereji tangu enzi za babu zake, ndiyo sheria. Sheria ya wapi?

Sisemi koki ni malaika. Tundu lake jembamba, oili ikiwa ya baridi inashuka kwa pozi, kwa hiyo lazima uwashe injini ipate moto kidogo kwanza. Na shingo yake inachomoza ndani ya sampu, basi oili kidogo inabaki chini. Kidogo! Lakini fundi kaishika hiyo kama fimbo. Leo kanihubiria mbele za watu kwamba hiyo iliyobaki ndiyo itakayoua injini. Nikashindwa kuvumilia. Fundi, injini hii inakula lita 3.7 pamoja na filta. Mimi nakuletea dumu la lita 4. Miaka yote hii, ile inayobaki kwenye dumu huwa inakwenda wapi? Mbona hiyo hujawahi kunihubiria itaua nini? Watu wakacheka, yeye akaanza kutafuta tambara.

Na msiniambie kwa nini nilikwenda gereji kama koki ninayo. Mwenye nyumba wangu hataki tone la oili uani kwake, na filta haina koki, bado inataka mtu alale chini. Filta nalipa kwa roho safi. Lakini filta nayo kaifungua yule kijana! Elfu kumi na tano kaitaka huyu aliyekaa kwenye tairi anachambua mechi ya Coastal Union, mechi ambayo mwenyewe hakwenda uwanjani Mkwakwani kuitazama.

Nikiwa bado natafuta chenji, shemeji anapiga simu. Anaomba gari Jumamosi, harusi. Nikamwambia, shemeji, hiyo harusi si ndiyo ile niliyochangia? Ndiyo hiyo. Laki nzima ili nipate kadi ya dabo, bwana harusi mwenyewe simjui, nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp usiku nimelala, nimeamka ni mjumbe wa kamati ya vinywaji. Na gari nitoe. Na mafuta, kimya. Nikauliza, angalau ukumbi uko hapa mjini? Ananiambia Korogwe. Bibi harusi wa Chumbageni, bwana harusi wa Mikanjuni, ukumbi Korogwe! Kuna nini Korogwe?