Injini Imekunywa Dumu Zima

Barafu ya Unguja tunaijua: ni ya kuhifadhia samaki na ya kutilia juisi. Lakini mwenye boti yuko Ulaya, na karatasi ya kuilaza boti aliyotuachia kabla ya masika ilisema njia ya maji ya chumvi ya injini itiwe dawa ya kuzuia maji yasigande, rangi ya waridi, lita 20, dumu liko chini ya kitanda. Kwao ni haki kabisa. Maji yakiganda hutanuka kiasi cha asilimia 9, na bloku, yaani mwili wa chuma wa injini, hupasuka kama chungu. Hapa Nungwi adui wetu chumvi.

Basi mimi fundi niliilaza injini kwa desturi ya hapa. Injini ni ya dizeli, silinda mbili, inapozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Niliipasha moto kwanza themostati, valvu inayofunguka kwa joto, ifunguke, maana ikiwa imefungwa, maji matamu hayaingii vizuri ndani ya bloku. Nikaizima, nikafunga valvu ya chini ya boti, nikachomoa mpira wa kunyonya nikautia ndani ya ndoo ya maji matamu. Nikawasha, taratibu, kijana anamimina ndoo isikauke: lita 40. Pampu ikinyonya hewa, impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji, huungua mara moja. Mwisho nikatoa impela, kwa sababu mabawa yake yakikaa yamekunjwa miezi mitatu hubaki hivyohivyo, nikarudisha kifuniko, na impela nikaifunga pamoja na ufunguo kwenye usukani. Anayetaka kuwasha lazima aione.

Dumu la waridi nililiacha palepale.

Nahodha hakulala. Mwenye mali kaandika, na fundi kaacha! Nilipoondoka akalipandisha dumu kwa kamba juu ya bumu, ile boriti ya kulala ya tanga, akaunga mpira mpaka kwenye pampu, akafungua. Impela haipo, hakuna cha kuzuia. Akakaa nyuma kungoja waridi itoke kwenye ekzosi. Haikutoka. Akanipigia simu kwa furaha: "Fundi, imekunywa yote, alhamdulillahi!"

Bloku na mafla, chombo cha kupunguza kelele za ekzosi, vya boti ile havifiki hata lita 10. Mpira wa ekzosi umepinda juu kuliko manifoldi, bomba linalopokea moshi wa silinda, ili bahari isirudi ndani, kwa hiyo mafla ilipojaa, dawa haikupanda huko. Ilirudi nyuma, ikapita kwenye valvu ya ekzosi iliyokuwa wazi, ikaingia silinda. Injini inaposukuma ndiyo moshi wake hutupa maji nje. Injini imezimwa, nani atayatupa?

Nikamwambia asiguse kitu. Alikwisha kugusa, alitaka kuizungusha kidogo "dawa ienee". Stata ikasema tko, kimya. Betri dhaifu ndiyo iliyotuokoa: maji hayabanwi, na kwa betri nzima koneki, mkono unaoshika pistoni, ingepinda.

Nikafika Ijumaa, adhana bado kidogo, nahodha keshavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nikafungua skrubu ya chini ya mafla, waridi ikajaza ndoo. Kijiti cha oili kikatoka na kitu cha rangi ya sharubati ya maziwa, kimevuka alama ya juu kabisa. Dawa imepenya kwenye pete za pistoni. Nikatoa nozo zote mbili za kunyunyizia dizeli, yakabaki matundu yake, nikatia spana kwenye krenki, mhimili unaozungusha injini.

"Nahodha, kaa mbali na matundu."

"Nataka nione kama imo kweli."

Akainama. Nikazungusha nusu mzunguko.

Ilikuwemo. Ilimpata kidevuni, ikashuka kifuani mpaka pindoni, waridi na weusi wa masizi. Akanyanyuka polepole, akajitazama, akasema, "Bwana wee, hii si itaganda?"

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchosha tu. Kuzungusha mpaka matundu yatoe hewa tupu, kumwaga oili, kutia mpya na filta, kurudisha nozo na impela, kutoa hewa kwenye dizeli, kuwasha, kumwaga tena oili ingali moto mpaka ibaki safi. Ingekuwa maji ya chumvi, pete zingeshika kutu kabla hatujafungua nati moja.

Mwenye boti akatuma ujumbe kuuliza kama dawa imeingia kila mahali. Nahodha akamjibu mwenyewe: imeingia. Kanzu ikaenda kwa dobi, naye dobi akataka kujua harusi ilikuwa ya nani.