Mswada wa Fedha kama Kitabu cha Darasani

Mwezi Juni mwaka 2024, Mswada wa Fedha uliokuwa mbele ya Bunge la Kenya, wenye mapendekezo ya kodi, ulisomwa na watu ambao kwa kawaida hawana habari na miswada. Vijana waliufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani katika video fupi, wakavitaja vifungu kwa namba zake na kukokotoa bei ya mkate ingepanda kwa kiasi gani. Juni 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hangeutia mswada huo saini. Siasa za majuma yale zimechambuliwa vya kutosha. Jambo ambalo halijapewa uzito wake ni la kielimu: wengi wa wasomaji hao walikuwa wametoka shuleni miaka michache tu nyuma, na huko walifunzwa hatua ambazo mswada hupitia hadi ukawa sheria, wakazikariri na kuziandika katika mtihani, lakini mswada wenyewe hawakuwahi kuushika mkononi.

Kwamba shule inapaswa kufunza elimu ya fedha, ya vyombo vya habari, ya uraia na ya mazingira si suala la kubishaniwa tena. Mwongozo wa mtaala wa umilisi uliotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) mwaka 2017 unataja uraia na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na elimu ya fedha na ya mazingira imepangiwa kupitishwa ndani ya masomo mengine. Ubishi uliobaki ni wa nyenzo. Wapo wanaoshikilia kwamba mambo haya yafunzwe kwa vitabu na miongozo iliyotungwa mahususi, ikakaguliwa na kuidhinishwa. Wapo pia wanaotaka mwalimu aruhusiwe, tena asaidiwe, kuingiza darasani nyaraka zenyewe ambazo raia hukutana nazo: mswada, masharti ya mkopo wa simu, bajeti ya kaunti, tangazo la biashara, ujumbe unaosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Hawa wa pili hushukiwa mara kwa mara kwamba wanataka kugeuza darasa kuwa jukwaa la siasa, na kwa maoni yangu shuku hiyo inawaonea.

Hoja ya vitabu vilivyotungwa ina nguvu, na ushahidi wake ulio bora umetoka kwa jirani. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 120 za msingi katikati mwa Uganda, likiwashirikisha watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi za picha, mwongozo wa mwalimu na daftari la mazoezi, vyote vikifunza namna ya kupima madai kuhusu tiba: je, dawa imethibitika kufaa kwa kuwa mtu mmoja aliyeinywa alipona? Anayeisifu anapata faida gani kwayo? Mtihani ulipofanywa, asilimia 69 ya watoto katika shule zilizopewa vitabu walifaulu, ilhali katika shule nyingine walikuwa asilimia 27, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana mwaka mmoja baadaye. Hakukuhitajika maabara ya kompyuta. Zaidi ya hayo, kitabu kilichoidhinishwa humfikia mwanafunzi wa Turkana sawa na wa Nairobi, na humpa mwalimu kinga pale mzazi au afisa anapouliza kwa nini jambo fulani limefunzwa. Anayedai kwamba nyaraka halisi zinatosha peke yake hana budi kuyajibu haya yote.

Lakini na tuitazame kazi ambayo waraka halisi unaweza kuifanya, kwa kuwa ndipo wakosoaji wake hawafiki. Mswada wa 2024 ulipendekeza ushuru wa magari wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua shilingi 5,000 na usiozidi shilingi 100,000. Mpe mwanafunzi wa Gredi ya 8 sentensi hiyo moja na umwache akokotoe. Mwenye gari la shilingi 800,000 angelipa 20,000, yaani asilimia 2.5 kamili. Mwenye gari la milioni 10 angepaswa kulipa 250,000, lakini kikomo kingemwachilia kwa 100,000, ambazo ni asilimia 1 tu ya thamani ya gari lake. Mwenye gari kuukuu la shilingi 100,000 angelipa kiwango cha chini cha 5,000, ambacho ni asilimia 5. Kwa hiyo ushuru ulioandikwa kana kwamba unawatoza wote kwa kipimo kimoja ungewatoza kwa vipimo vitatu, na mzigo ulio mkubwa zaidi kwa kulinganisha ungemwangukia mwenye gari la thamani ya chini kuliko wote. Hakuna mwalimu aliyetoa maoni hapo. Ni hesabu ya asilimia iliyo ndani ya uwezo wa darasa hilo, ila jibu lake lina maana, na mwanafunzi aliyelipata mwenyewe hahitaji kuambiwa kwa nini watu hubishana kuhusu viwango na vikomo. Mwingine atasema kikomo kilikuwa na busara yake, kwamba serikali haikutaka kuwafukuza wenye mali katika soko la bima, maana ushuru huo ungelipwa pamoja na bima ya gari. Naye aruhusiwe kuitetea hoja hiyo kwa tarakimu zile zile.

Mswada huo huo ulikuwa na ushuru wa mazingira, uliolenga bidhaa zinazobaki kama taka: nepi, vifaa vya elektroniki, betri, vifungashio vya plastiki. Mwanafunzi wa Kenya ameishi na marufuku ya mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na anaona matokeo yake katika mitaro na malisho, kwa hiyo wazo kwamba sheria inaweza kupunguza taka si geni kwake. Swali gumu ni nani alipe. Nepi ni taka ya kweli, nayo ni mahitaji ya kila siku ya mama mwenye kipato kidogo. Elimu ya mazingira inayoishia katika kupanda miti siku ya maadhimisho hailigusi swali hili kamwe, na hiyo ni hasara, maana ndilo swali ambalo madiwani na wabunge hulipigia kura.

Kisha ukazuka ubishi kuhusu sodo: je, zingetozwa ushuru huo au zisingetozwa? Ujumbe wa kila namna ulisambaa. Juni 18 Kamati ya Fedha ya Bunge ilitangaza kwamba kodi ya VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa magari vingeondolewa, na kwamba ushuru wa mazingira ungehusu bidhaa zilizokamilika zinazoagizwa kutoka nje, huku zinazotengenezwa nchini zikiachwa. Siku chache baadaye ujumbe uliotungwa kabla ya tangazo hilo ulikuwa bado unazunguka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwalimu anayetaka kufunza namna ya kuhakiki habari anaweza kuziweka mezani karatasi tatu, yaani kifungu, tangazo la kamati na ujumbe wa WhatsApp, kisha akauliza lipi lilitangulia, nani ameandika, na lipi lina nguvu ya kisheria.

Wenye kupendelea vitabu pekee watasema kwamba mfano wa kubuni ungefanya kazi hiyo hiyo bila hatari. Sidhani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani kwa vyanzo halisi vya intaneti. Asilimia 96 hawakuhoji kwa nini uhusiano wa tovuti moja ya tabianchi na kampuni za mafuta ungepunguza kuaminika kwake. Swali la nani ameandika na nani amelipa haliwezi kuzoewa kwa matini ambazo mwandishi wake daima ni mmoja na hana maslahi yoyote.

Upande wa fedha ndio unaonitia wasiwasi kuliko wote. Uchunguzi wa kitaifa wa FinAccess unaonyesha kwamba Wakenya wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha waliongezeka kutoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi 84.8 mwaka 2024. Ni mafanikio ambayo nchi nyingi zinayatamani. Uchunguzi huo huo hupima pia afya ya kifedha, yaani kama mtu anaweza kumudu matumizi ya kila siku, kuhimili dharura na kujiwekea kitu kwa ajili ya kesho. Mwaka 2016 waliokidhi kipimo hicho walikuwa asilimia 39.4, mwaka 2019 walikuwa 21.7; mwaka 2021 walishuka hadi 17.1, na mwaka 2024 walifika 18.3. Mlango umefunguliwa kwa karibu kila mtu, na ndani ya nyumba hali za watu zimekuwa mbaya zaidi. Ni kweli kwamba ukame, janga la korona na gharama ya maisha vina sehemu kubwa katika mporomoko huo, na hakuna somo la darasani ambalo lingeleta mvua. Lakini mtu hawezi kuzitazama safu hizo mbili za tarakimu bila kujiuliza ni mikataba mingapi iliyokubaliwa kwa kubonyeza namba moja katika simu, bila masharti kusomwa.

Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa ada hiyo, anayekopa shilingi 1,000 anarudisha 1,075, na shilingi 75 hazimtishi mtu. Akikopa na kulipa hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka atakuwa amelipa shilingi 900 kwa kuitumia ile ile elfu moja, ambayo bado si yake. Mama mboga anayeizungusha elfu hiyo sokoni na kupata faida ya 300 kwa wiki ana sababu nzuri ya kukopa. Aliyekopa kununua chakula hana pa kuitoa ada hiyo. Vitabu hufunza akiba kwa bidii na kuupitia mkopo juu juu, ilhali mkopo ndio unaomfikia kijana kwanza, pengine siku ile ile anayopata kitambulisho na kusajili laini kwa jina lake.

Brazil ililijaribu jambo hili kwa mapana. Shule za sekondari 892 zilihusishwa, na elimu ya fedha ikapitishwa ndani ya Hisabati, Historia na masomo mengine, pamoja na mazoezi ya kufanywa nyumbani na wazazi. Wanafunzi waliongeza ujuzi na akiba, lakini pia walizidi kutumia mikopo ya gharama kubwa kununua vitu. Ufuatiliaji wa miaka ya baadaye ulionyesha mwelekeo mwingine: waliofunzwa walipunguza mikopo ya aina hiyo na kuchelewa kulipa. Pande zote mbili zina la kuchukua hapa. Nyenzo zilikuwa zimetungwa na kukaguliwa, kama upande wa kwanza unavyotaka, na kazi yenyewe ilitoka nje ya kitabu hadi katika hesabu za nyumbani, kama unavyotaka upande wa pili.

Hofu ya siasa inabaki, nayo ni hofu ya watu wenye akili. Mwalimu ni mtumishi wa umma; akionekana kupinga au kuunga mkono mswada, anaweza kuitwa kujieleza, na wanafunzi wake wana wazazi wa mirengo yote. Ila Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kurahisisha ushirikishaji wa umma, na suala hilo hilo ndilo lililoifanya Mahakama ya Rufaa kuibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwezi Julai 2024, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha mwezi Oktoba. Haiwezekani wananchi wadaiwe kushiriki katika jambo ambalo walimu wao walikatazwa kulitaja. Suluhu ya hofu hiyo ni KICD kutoa mwongozo mfupi wa kusoma waraka wa umma, wenye maswali yale yale kwa kila mswada wa kila serikali, na dondoo za vifungu vichache zilizochapwa kwa lugha nyepesi ili shule isiyo na mashine ya kuchapisha isiachwe nyuma. Hapo mwalimu atakuwa na kinga ya idhini, na mwanafunzi atakuwa na karatasi ya kweli.

Ratiba nayo inaruhusu. Mswada wa Fedha hufika bungeni kati ya mwisho wa Aprili na Mei, na hutakiwa kukamilika kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Muda huo karibu wote unaangukia ndani ya muhula wa pili, na vipindi vinne au vitano vya Hisabati na vya masomo ya jamii vingetosha kuanzia.