Shakahola: nani alistahili kuingia msituni?

Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi ya kina kifupi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, swali lililotawala maskani za Mombasa halikuwa la dini. Watu waliuliza mbona ndugu za waliopotea wanazuiwa kuingia. Ardhi ile ya Chakama, kama ekari 800 za vichaka vya miiba, ilitangazwa eneo la uhalifu na la operesheni, kafyu ya usiku ikawekwa. Aliyekuwa akitafuta dada yake, shemeji na wajukuu watatu kwa mpigo aliambiwa akae Malindi, asubiri.

Upande wa mashtaka unasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliingia humo kufunga hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Mackenzie na wenzake walikana mashtaka walipofikishwa mahakamani Januari 2024. Miili iliyofukuliwa ilipita 400.

Hoja ya serikali si ya kubezwa. Kaburi likishakanyagwa na umati, na mtu akavuta shuka akitafuta sura anayoijua, daktari hana tena cha kusimamia kortini. Na ushahidi ule ulikuja kuwa na uzito: uchunguzi wa maiti ulioongozwa na Dkt. Johansen Oduor, daktari wa serikali, ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, lakini wapo walionyongwa, waliozibwa pumzi na waliopigwa, watoto wakiwemo. Bila utaratibu, yote hayo yangeitwa mfungo tu.

Lakini kulikuwa na walio hai. Katika kundi la kwanza lililotolewa katikati ya Aprili, watu 15, wanne walikata roho kabla ya kufika hospitali. Mtu wa hali hiyo hana wiki mbili za kungojea. Tena msitu wenyewe ulikuwa umegawanywa vijiji vyenye majina ya Biblia, Galilaya, Yudea, Bethlehemu, ambavyo havimo kwenye ramani yoyote ya polisi. Aliyejua Yudea iko nyuma ya kichaka gani ni aliyetoka humo, au mfugaji anayepitisha mbuzi wake pale.

Ndiyo maana naona makaburi yalipaswa kufungwa, vichaka visifungwe. Kukusanya ushahidi na kutafuta wazima ni kazi mbili, zikaendeshwa kama moja, kwa mwendo wa ile ya polepole. Ndugu wachache walioandikishwa, wakiongozana na askari na wafugaji, wangeweza kupita njia za mbali na makaburi wakiita watu kwa majina.

Hoja inayonisumbua ni kwamba waliotafutwa walikuwa wakikimbia. Juni 2023, watu 65 waliookolewa walifikishwa mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, baada ya kukataa chakula kwenye kituo walichohifadhiwa, wakapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Kumshtaki mtu aliyedhoofika vile ni jambo nisiloweza kulitetea, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kosa lenyewe linapingana na Katiba. Hata hivyo tukio lile linaonyesha kitu: mtu aliyeacha ukoo wake kwa hiari, akisikia kaka yake anamwita, huenda akazama ndani zaidi. Kwa watu wazima nakubali hoja yangu inapungua nguvu. Kwa mtoto wa miaka saba haipungui, maana yeye hakuchagua lolote.

Na hoja hiyo ya serikali, "waachieni wataalamu", ilikuwa ngumu kumeza. Machi mwaka huohuo Mackenzie alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Kamati ya Seneti chini ya Danson Mungatana baadaye ilivilaumu vyombo vya dola kwa uzembe. Ndugu walikuwa na haki ya kutowaamini.

Kinachobaki sasa hakiko vichakani. Msalaba Mwekundu ulipofungua dawati Malindi, ripoti za waliopotea zilizidi 600. Ndugu anafungua kinywa, kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, anaandika jina na nambari ya simu, anarudi Mombasa kungoja. Vipimo vya DNA vinataka mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa karibu, na hapa familia nzima ziliingia pamoja: baba, mama, watoto. Aliyebaki nje ni bibi huko bara asiye na nauli, au binamu ambaye sampuli yake haisaidii sana. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024, na iliyotambuliwa ilikuwa sehemu ndogo tu. Halafu 2025 yakazuka makaburi mengine Kwa Binzaro, Kilifi hiyohiyo, na majembe yakarudi.

Kama serikali ilikuwa na pesa za kuwazuia ndugu kuingia, iwe nazo pia za kumlipia nauli bibi yule aje apimwe. Vinginevyo kilichobaki ni Sheria ya Ushahidi, inayoruhusu mtu kuhesabiwa amekufa asiposikika kwa miaka saba. Kwa aliyesikika mara ya mwisho mwanzoni mwa 2023, hiyo ni 2030, na hadi hapo shamba lake haligawiki na cheti chake hakitoki.