Rubi inapoegemea mkato

Aliyesoma juzuu utotoni anajua msaada wa irabu: ziondoe, na mwanafunzi anakwama. Wajapani nao wana furigana: kana (herufi za silabi) ndogo zinazowekwa kando ya kanji, herufi zenye asili ya Uchina, kumwonyesha msomaji inavyotamkwa. Wachapaji huziita rubi, jina lililotoka Uingereza, ambako herufi za ukubwa wa pointi 5.5 ziliitwa kwa jina la kito hicho.

Ugomvi wa kama rubi iruhusiwe kuegemea alama za uakifishaji unaanzia kwenye vipimo. Kana ya rubi ni nusu ya upana wa kanji. Chukua 紫, zambarau, inayosomwa むらさき: kana nne, yaani upana wa kanji mbili. Rubi inachomoza nusu kanji huku na nusu huku. Kiwango cha Japani cha kupanga maandishi, JIS X 4051, kilichotoka 1993 na kurekebishwa 2004, kinairuhusu iegemee, yaani ining'inie juu ya, hiragana (kana za kawaida) jirani kwa kiasi hicho, lakini si kanji jirani, maana msomaji angedhani usomaji ni wa kanji ile. Je, jirani akiwa mkato au alama ya nukuu?

Wanaotaka ruhusa wana hoja nzito. Mkato hausomwi, kwa hiyo hakuna atakayedhani rubi ni yake. Tena mkato wa Kijapani hupewa nafasi ya herufi nzima ilhali wino wake unakaa kwenye nusu ya mwanzo tu. 紫 ikija baada ya mkato, ile nusu tupu inaitosha rubi barabara. Ukikataza, utasukuma herufi, na mstari utabaki na pengo juu ya pengo.

Wanaokataa huuliza: nusu hiyo tupu ina uhakika gani? Mkato hauruhusiwi kuanza mstari. Ukielekea kuangukia huko, mchapaji huweza kubana nafasi za alama zilizotangulia ili uenee mstari wa juu. Ikibanwa, rubi iliyolala mahali patupu inajikuta usawa wa wino.

Mimi naona pande zote mbili zinataja alama kwa jina bila kuitazama. Tazama 「紫」 katika maandishi ya mlalo, ambako rubi hukaa juu. Wino wa 「 uko nusu ya pili, na mkono wake mmoja uko juu kabisa. む inabanana nao hadi jicho linasita. Mkono wa 」 uko chini, na き inapita juu yake kwa raha. Alama pacha, matokeo mawili. Mkato nao hubadilika: katika mlalo uko chini kushoto, mbali na rubi, katika wima hupanda juu kulia, upande ule ule wa rubi.

Kwa hiyo ningeandika kanuni ya nafasi: rubi iingie palipobaki patupu baada ya mstari kubanwa, na isimame mbele ya wino ulio upande wake. Programu italazimika kupanga mstari, kupima rubi, kisha pengine kuanza upya, kwa kuwa kusukuma herufi kunavuruga mstari. Kwa kitabu cha watoto, chenye rubi karibu kila kanji, hiyo si kazi ndogo, na mwenye haraka simlaumu akipiga marufuku moja kwa moja.

Ila asiahidiwe ukurasa usio na mapengo, wala mpinzani wake asiahidiwe. 志, nia, inasomwa こころざし, kana tano. Inachomoza robo tatu ya kanji kila upande; ruhusa ya nusu haiitoshi, na robo iliyobaki lazima ifunguliwe nafasi, hata jirani akiwa hiragana.