Nani analipwa kuzibua kalvati?

Alhamisi usiku ziliingia picha mbili kwenye simu yangu, zikipishana kwa dakika chache. Ya kwanza ilitoka kwenye kundi letu la watu tuliowahi kufanya kazi Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini: wakubwa wamesimama juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwenye vumbi, utepe umefungwa, na nyuma yao greda jipya ambalo kiti chake bado kimevikwa nailoni. Barabara nyingine inazinduliwa. Ya pili ilitoka kwa rafiki yangu dereva, amebeba unga wa ngano kutoka bandarini Mombasa. Lori limeinama upande, gurudumu la nyuma limezama shimoni karibu na Nesitu, nje kidogo ya Juba, springi imekatika. Chini yake ameandika: "Usiku wa tatu huu, ndugu yangu. Maji ya kunywa yamebaki nusu jerikeni."

Nimekaa siku tatu nikijiambia siandiki. Nimeshindwa.

Hapo alipokwama ni kwenye lami. Ni barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani na Uganda, kilomita 192, barabara kuu ya kwanza ya lami Sudan Kusini, iliyofunguliwa Septemba 2012 kwa pesa za Wamarekani kupitia USAID, shirika lao la misaada, zaidi ya dola milioni 200. Kabla ya katapila kuingia, walitangulia watu wa kutegua mabomu ya ardhini. Safari iliyokuwa ikimaliza saa nane njiani ikawa haifiki saa tatu. Mimi niliingia Juba mwaka huohuo, mtunza stoo kwenye jengo moja la ghorofa, na nawakumbuka madereva wakishuka Gumbo, pale malori yanapoingilia Juba, vumbi hawana, wanacheka wenyewe. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru. Karibu kila tulichokula na kila tulichojengea kilipita hapo: unga, nondo, mabati, misumari, hata nyanya. Lori likichelewa siku mbili, sokoni Konyo Konyo bei inapanda mchana huohuo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naichukia miradi. Ile barabara niliipenda kama mtu anavyoupenda mlango wa nyumba yake.

Ninachokidai ni kimoja, na nitakirudia mpaka nichoke. Baada ya vita, usiniulize umejenga nini. Niambie nani analipwa mwisho wa mwezi kukitunza ulichokijenga.

Mapema 2013 nilikuwa nikishuka Nimule mara kwa mara kufuatilia mizigo yetu mpakani. Katikati ya safari, maeneo ya Aru, tulizoea kumkuta mzee mmoja ana sululu, sepeto na karai lililotoboka, anazibua kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Siku moja tulisimama kupoza injini nikamsogelea. Alikuwa ameinama ndani ya mtaro hadi magoti, anatoa matope, matawi, chupa za plastiki na kitambaa cha turubali kilichojiviringisha mdomoni mwa bomba. Alikuwa amefanya kibarua wakati barabara inajengwa. Mradi ulipoisha wenzake wakatawanyika, yeye akabaki anaendelea kwa sababu, alivyotueleza, shamba lake lilikuwa chini ya barabara na kalvati likiziba maji yanalifuata yeye. Utingo wetu akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba nani anamlipa. Akanyoosha mikono miwili yenye matope: "Gurush mafi." Pesa hakuna.

Tulimwachia mkate na soda mbili, tukaondoka. Naona aibu mpaka leo kwamba niliona hiyo ni habari ya huruma, kumbe nilikuwa natazama mfuko mzima wa matengenezo ya barabara ya nchi umesimama kwenye mtaro.

Kwa sababu lami haiuawi na lori peke yake. Msimamizi mmoja wa ujenzi, Mkisii aliyezeekea kwenye barabara za kwetu, alinifundisha hili tukiwa tumekaa kwenye mifuko ya saruji. Kalvati likiziba, maji ya mvua hayana pa kwenda. Yanatuama begani mwa barabara, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha yanaanza kupenya chini. Kule chini kuna tabaka la kokoto na udongo ulioshindiliwa, ndilo linalobeba mzigo; lami yenyewe ni ngozi tu. Tabaka likilowa linalegea. Lori lenye tani hamsini na kitu likipita, lami inabonyea kidogo na kurudi, inabonyea na kurudi, mpaka inapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ufa unaingiza maji zaidi. Wiki moja kipande kinabanduka kama gamba, na mwisho wa msimu una shimo la kumeza gurudumu. Ungeweza kulizuia kwa mtu mmoja na sululu, nusu siku. Ukichelewa mwezi unahitaji genge la watu na ndoo za lami za kuziba viraka. Ukichelewa miaka unahitaji mkandarasi mpya, mkopo mpya, na utepe mpya. Ndiyo maana ile picha ya kwanza ilinichoma kuliko ya pili.

Sisi Kenya tuna madudu yetu kwenye barabara, sina haja ya kuyaficha. Lakini tangu sheria ya 1993 kila lita ya petroli na dizeli inatozwa ushuru wa matengenezo, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25 kwa lita. Tunaulalamikia, tunaupeleka mahakamani, tunauliza unaliwa na nani. Angalau tuna cha kuuliza. Yule mzee wa Aru angemuuliza nani?

Na pesa zilikuwapo. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Sudan Kusini iliamua kutenga mapipa ya mafuta yake kila siku kwa ajili ya barabara. Septemba 2025 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu nchini humo ilitoa ripoti ikisema kwamba kati ya 2021 na 2024 mpango huo wa mafuta kwa barabara ulitoa dola bilioni 1.7 kwa kazi za barabara ambazo hazikufanyika. Serikali ilikanusha. Wabishane huko juu. Mimi ninachoweza ni kugawa kwa akili yangu ya stoo: ukimlipa mtu wa sululu dola 100 kwa mwezi, ambayo kijijini si haba, na kila kilomita ukaiwekea watu wawili, Juba–Nimule yote inahitaji watu 384. Haifiki nusu milioni ya dola kwa mwaka. Nimepiga hesabu hiyo mara nne nikidhani nimekosea sifuri.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa vita vilirudi Desemba 2013, vikarudi tena Julai 2016, na kwamba huwezi kumpeleka mtu na sepeto mahali risasi zinalia. Ni kweli. Mwaka 2021 madereva wenzetu waliuawa kwenye barabara za kuingia Juba, wenzao wakagoma na kuegesha Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, kudai ulinzi, na Agosti mwaka huohuo masista wawili wakapigwa risasi na kufa kwenye hiihii ya Nimule. Sina la kubisha hapo. Ila mnisikilize: mashimo na bunduki vimefanya urafiki. Mvamizi hahitaji kuweka kizuizi mahali lori lenyewe linalazimika kutambaa. Kila dereva wa njia ile anajua anapoogopa, na ukimwuliza ni wapi atakutajia mashimo.

Daraja la Uhuru hapo Juba nalisifu bila shida: Wajapani walianza 2013, wakaondolewa na vita mara mbili, wakarudi mara mbili, mita 560 juu ya Nile zikafunguliwa Mei 2022. Uvumilivu ule naupigia saluti. Naombea vyuma vyake vipate mtu wa kuvipaka rangi.

Wa kujilaumu tupo na sisi tuliotoka nje. Kwenye jengo letu fundi wa nondo alitoka Kisumu, wa mbao Kampala, wa umeme Asmara. Wenyeji walibeba maji na mchanga. Palikuwa na kijana mmoja wa mtaa wa Gudele, kila jioni alisimama nyuma ya fundi nondo akitazama anavyokunja, mikono mgongoni, hasemi neno. Baada ya miezi akaanza kukunja za kwake kwa vipande vilivyotupwa, na zilikuwa sawa, nilizipima kwa tepu. Nikamwambia msimamizi tumpe kazi ya usaidizi. Akasema ratiba haina nafasi ya kufundisha mtu. Vita vilipozuka ile Desemba ya 2013, sote tuliokuwa na pasipoti za nje tukakimbilia uwanja wa ndege, tukalala sakafuni siku mbili kusubiri ndege, na jengo likabaki na nondo zimesimama juu kama nywele. Aliyebaki pale ni yule kijana, aliyenyimwa nafasi ya kujifunza kulimaliza.

Na sasa hata aliyeijenga barabara hayupo. USAID ilifungwa rasmi Julai 2025. Hakuna ofisi ya kuipelekea picha ya Nesitu na kusema njooni muone kazi yenu. Kwa miaka zaidi ya kumi na miwili watu walikuwa wakijadili barabara hii ni ya nani. Ni ya yule ambaye kalvati likiziba maji yanamfuata shambani, na mpaka leo hakuna aliyempa karai zima.

Nimempigia rafiki yangu leo asubuhi. Ameshatoka. Watoto wa Nesitu walimjazia shimo mawe na udongo, akawapa pauni alizokuwa nazo mfukoni, springi akaifunga kwa mnyororo, akatambaa nayo hadi Gumbo. Ameniomba nimtafutie springi ya nyuma huku, kwa kuwa kule bei haishikiki. Nimeipata Changamwe. Inaondoka na lori la Jumanne, pamoja na sepeto mbili alizoniagiza zikae ndani ya kabini yake.